Mahindi ya Juu ya Moto

Mahindi yanayochomwa kando ya barabara kuu pale Mikumi hunukia mkaa, na juu ya mkaa hunukia dizeli, kwa kuwa malori ya Iringa na Tunduma hupumzika hatua chache tu kutoka kwenye majiko. Harufu hiyo nimeizoea tangu nizaliwe. Hata leo, nikiwa na mgahawa wangu mdogo palepale, siisikii mpaka mgeni anitajie. Harufu ninayoikumbuka bila kusaidiwa na mtu ni nyingine: ya jiko la bibi yangu mzaa baba, kule milimani, katika kijiji kiitwacho Ulaya upande wa Kilosa, nyumba ya udongo yenye mlango mfupi ambamo moshi ulikuwa umekaa miaka mingi kuliko watu. Ilikuwa harufu ya masizi, ya pumba zilizolowana, ya ukoko wa ugali uliobaki chini ya chungu. Ukitoka humo kwenda shuleni, wenzako walijua umepika nini kabla hujafungua mdomo.

Tulifika hapo mimi na mama baada ya mavuno, nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa utingo wa lori, leo yuko Makambako, kesho haijulikani, na chumba tulichopanga Mikumi kilimshinda. Akatuleta kwa mama yake. Sisemi kwamba tulipokelewa vibaya, maana tulipewa kitanda na tulipewa sehemu ya jembe. Lakini baba na mama walikuwa wamekaa pamoja bila posa wala mahari, na kwa watu wale mama alikuwa bado ni mtu wa barabarani, mchoma mahindi aliyeokotwa kwenye kituo cha malori. Kwetu mwenye neno katika ndoa ni mjomba. Mjomba wa baba, kaka yake bibi, ambaye mimi nilimwita babu Yona, alikuwa bado hajasema neno. Akikubali, wazee wangekwenda kwa wazazi wa mama kumposa kama inavyotakiwa. Akikataa, mama angerudi Mikumi, na mimi sikuwa na hakika ningekuwa kwenye mzigo upi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kushiba. Nililijua hindi kwa namna ambayo Mikumi hawaijui, kwa sababu Mikumi hindi lina maisha ya saa moja tu, kutoka kwenye gunia mpaka kwenye meno ya abiria. Kwa bibi lilikuwa na umri na vyombo vyake. Kulikuwa na kinu cha mninga kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa nta, michi miwili, mmoja mzito wa kukobolea na mwingine mwepesi wa kutwangia, ungo wa kupepetea na chekeche iliyotobolewa kwa msumari. Siku za mvua bibi alikaanga punje kavu kwenye kikaango cha udongo, akanyunyizia maji ya chumvi, tukazitafuna mpaka taya zikauma. Siku za kazi ya ushirika alipika togwa ya kimea cha mtama, nami nilipewa kata ya kwanza, si kwa kupendelewa bali kwa kupimia kama imeiva. Bibi aliniita mke mwenzangu, na alinitania kwamba nimekuja kumnyang'anya mume aliyekwisha kufa. Lakini mama yangu, bibi alimwita Mama Tumaini, kwa jina langu, kwa heshima kamili, na kamwe hakumtania. Mtoto anaijua tofauti hiyo.

Juu ya mafiga kulikuwa na dari la fito, na kwenye fito hizo yalining'inia mahindi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake. Ya nje yalikuwa ya rangi ya kahawia, ya katikati yalikuwa meusi kabisa kwa masizi, huwezi kujua kama ni mahindi au vipande vya kuni. Ndiyo ilikuwa mbegu. Moshi wa kila siku uliwazuia fukusi, na joto liliikausha mbegu taratibu. Bibi alikuwa ameikuta mbegu hiyo kwa mama mkwe wake alipoolewa: mahindi mafupi, meupe, yenye punje nyekundu moja moja, yanayokomaa upesi. Haya nayaeleza leo. Wakati ule hakuna aliyetueleza. Bibi hakuficha, ila hakufikiria kwamba yupo mtu duniani asiyejua mahindi ya juu ya moto ni ya nini. Na mama, aliyekulia penye mahindi ya magunia, alidhani ni masalia ya zamani yaliyosahaulika. Tulikuwa hatujaona hata upanzi mmoja katika nyumba ile.

Baada ya mwaka mpya chakula kilipungua, kama kinavyopungua kila mwaka sehemu zile kabla ya masika. Kihenge kilibaki na vumbi. Tulikula maboga, tukala mlenda na chenga, jioni tukanywa uji mwepesi. Asubuhi moja bibi alikwenda Kilosa mjini kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akasema angerudi jioni. Jua lilipopanda kidogo babu Yona akatokea, bila taarifa, akisukuma baiskeli yake mlimani, amevaa koti. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa mama. Hata mimi nilielewa kwamba hakuja kumwona dada yake. Alikuja kumwangalia mama akiwa peke yake.

Mama alimpa kigoda na maji, akaingia jikoni. Nilimfuata. Alisimama akatazama kihenge, akatazama chungu, kisha akatazama juu. Nilimwona uso ukimchangamka, na mpaka leo najua alichokifikiria, kwa sababu hata mimi nilikifikiria: kumbe chakula kipo. Aliyashusha yote, kwani mashine ya kusaga ilikuwa mbali na haikuwa na maana kupeleka kibaba kimoja. Tukapukuchua haraka haraka, masizi yakitupaka mikono mpaka viwiko, akapepeta, akanitwika. Mwenye mashine alichukua kiganja cha punje, akazinusa, akaniangalia. "Bibi yako anajua?" aliuliza. Nikamwambia bibi yuko Kilosa, tuna mgeni. Akatikisa kichwa na kuwasha mashine. Mimi mtoto sikuelewa kwa nini aliuliza, na yeye hakuona kama ni kazi yake kunizuia.

Ugali ulikuwa wa kijivu kidogo na ulinukia moshi. Mama aliusonga vizuri, akauweka na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akapiga goti, akamnawisha mgeni. Babu Yona alikata tonge la kwanza, akatafuna, akaacha kutafuna. Alitazama juu kupitia mlango wa jiko uliokuwa wazi. Kisha akaendelea kula, polepole, mpaka sahani ikaisha, na akashukuru. Nilifurahi sana. Nilimwona mama naye akifurahi, na hiyo ndiyo picha inayoniuma kuliko zote za msimu ule.

Jioni bibi alipoingia uani, alilitazama paa kabla hajamsalimia kaka yake. Jiko lile lilivuja moshi kwa juu, na jioni hiyo moshi haukuzuiwa na kitu darini; mtu aliyelizoea miaka yote hiyo pengine huona kitu ambacho mwingine hakioni. Aliingia, akakaa humo muda, akatoka. Babu Yona akamwambia, kwa sauti ya kawaida, "Dada, nimekula shamba lako." Mama aliwatazama wote wawili, na nikaona jinsi jambo lile lilivyomwingia kidogo kidogo, kwanza machoni, halafu mikononi, mpaka akaiweka chini sahani aliyoishika. Hakuna aliyemtukana, na labda angetukanwa ingekuwa nafuu. Babu Yona alichukua baiskeli yake akisema angerudi baada ya mbegu kuota, kama itakuwepo, na hapo angesema alilokuja kusema.

Alfajiri mama alifunga mzigo, kanga mbili na sufuria yake aliyokuja nayo, akauweka mlangoni. Bibi alitoka na kikapu kitupu. Aliutazama mzigo kama anavyotazamwa mbuzi wa jirani, akampa mama kikapu. "Mbegu hii niliwagawia watu," alisema. "Twende tukaombe. Utasema wewe." Tukaenda. Katika kila nyumba bibi alisimama nyuma, na mama akapiga shikamoo na kueleza alichofanya: amepika mbegu ya mama mkwe wake, anaomba arudishiwe kidogo. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alimwita mwenzake aje asikie. Na karibu wote, wakishamaliza kucheka, walisema hawana, kwa sababu siku hizo watu walikuwa wameanza kununua mbegu za dukani, zile zilizopakwa dawa ya rangi, na hawakuona haja ya kuweka nyingine. Jioni kikapu kilikuwa na mahindi ya kuhesabika, mengine yametobolewa na fukusi. Nyumbani tukala ugali wa unga uleule. Ulikuwa mwingi, na haukuweza kurudi kuwa punje, kwa hiyo tuliula siku nyingi, na ulikuwa mtamu.

Ilibaki nyumba moja, na bibi hakuitaja. Mama ndiye aliyeijua kutoka kwa majirani. Bondeni aliishi mama mmoja wa Kimasai, tuliyemwita Yeyo. Zamani bibi alikuwa akimpa mahindi naye akimpa maziwa, mpaka ng'ombe wake walipoingia shambani kwa bibi na kumaliza mstari baada ya mstari. Tangu hapo hawakusalimiana. Bibi alisema haendi. Mama akachukua kikapu, akanishika mkono, akaanza kushuka. Tulipofika nusu ya njia niligeuka nikamwona bibi anakuja nyuma yetu, mbali, kana kwamba ana safari zake nyingine.

Mama alikuwa amekaa na Wamasai barabarani tangu msichana, akiwauzia mahindi walipopita na mifugo, na hakuwaogopa. "Takwenya," alimsalimia Yeyo. "Iko," Yeyo alijibu, akacheka kwa mshangao. Mama akaeleza tena kisa chake, safari hii kwa kuchanganya lugha na mikono. Yeyo alisikiliza, akamtazama bibi aliyekuwa amesimama nje ya boma akijifanya anatoa mwiba. Aliingia ndani ya nyumba yake iliyojaa moshi kama jiko letu, akatoka amebeba fungu la mahindi meusi. Alikuwa amepanda ile mbegu kila mwaka kwenye mbolea ya zizi. Hakumpa mama. Alitoka nje akampelekea bibi mwenyewe. "Ng'ombe wangu walikula yako," alisema. "Chukua." Bibi alipokea kwa mikono miwili. Akamwuliza habari za watoto, akaambiwa ni wazima, akauliza habari za ng'ombe, na hapo wote wawili wakacheka.

Shuleni baadaye nilifundishwa kwamba mahindi hayakuwa ya huku, yalivuka bahari kutoka nchi za mbali, na kabla yake watu wetu walikula mtama na uwele. Nilimpelekea bibi habari hiyo, akakataa kabisa. Mimi niliiamini bila shida, kwani nilikwisha kuona mbegu inavyosafiri, inavyotoka mkononi mwa mtu na kukaa kwa mwingine mpaka inahesabiwa kuwa ya pale.

Masika yalipoanza bibi alichimba mashimo na mama akatia mbegu, naye bibi hakugeuka kukagua. Babu Yona alirudi mahindi yakiwa yamefika magotini. Alizunguka shamba zima, akaja akakaa kwenye kigoda kilekile, akamwuliza mama, "Wazee wako wako upande gani wa Mikumi? Tunataka kuwaendea." Mama alikimbilia jikoni, na nilimsikia akilia. Ule mzigo, sikumbuki aliufungua lini. Hakuna aliyemwambia aufungue.

Mimi si mtu wa kulilia zamani. Mgahawani napika kwa gesi, nanunua sembe ya viroba, na wateja wangu madereva hawataki ugali unaonukia moshi. Mdogo wangu Elia hupanda mbegu za dukani pale Ulaya, anavuna zaidi kuliko alivyopata kuvuna bibi, na kila mwaka hununua upya. Bibi alikwisha kufariki. Mama ndiye mwenye jiko sasa, na kipande chake cha shamba hukipanda ileile fupi yenye punje nyekundu. Nimemwomba mara nyingi aje akae nami, hataki. Anasema moto ule hauwashwi na mtu wa kuja na kuondoka.

Mwaka huu Elia alioa, msichana wa Dar es Salaam, mchangamfu, asiyejua kushika mchi. Nilikuwepo siku alipoingia. Kabla hajaonyeshwa pa kulala, mama alimshika mkono akampeleka jikoni, akamwonyesha juu, akamweleza yote, neno kwa neno, yale ambayo yeye hakuelezwa na mtu. Wifi yangu aliinua simu akapiga picha, kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa miaka yote hii, sikuwahi kulifikiria.

"Sasa mama, mgeni akija na ndani hamna kitu?"

Mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye ungo wake, anapepeta. Hakusimama.

"Mpikie," alisema. "Ila usifunge mzigo. Njoo uniambie, twende tukaombe."