Monsieur Dirisha

Ku hopitali ya huku Baraka tunamuitaka Monsieur Dirisha. Kazi yake ni kujifunza namna hewa inatembeaka mu salle za bagonjwa. Anawashaka ubani, anafwata moshi na macho, anapiga muluzi kama muntu iko mu fête ya ndoa! Koko wangu, bibi yetu, mwenye analinda mudogo wangu Gentille ku kitanda, anazibaka dirisha na kitenge: "Baridi ya ziwa itaniulia mutoto!" Ye anafungua, koko anafunga. Leo Monsieur hakubishana. Aliweka ubani karibu na papa moja, muzee mugonjwa mwenye anakoholaka sana. Moshi ikakosa dirisha ya kutokea, ikaenda mbio mbio ku pua ya Gentille. Muluzi ikakatika.

"Koko, kikohozi nayo inapitaka njia hii."

Koko akatoa kitenge ye mwenyewe, akafunika nayo Gentille.

"We Monsieur, unaangalia nini? Fungua na ile dirisha ingine!"