Kioo cha Cheti Changu

Wiki ya tatu sasa nakalia benchi la ofisi moja ya serikali hapa Mwanza, nimepakata cheti changu cha shule ndani ya fremu ya kioo, maana makarani hawaheshimu karatasi iliyokunjwa. Kando ya kaunta Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye ofisi, anafuga furu, samaki wadogo wa ziwani, katika tangi la kioo lililo wazi juu. Jumatatu wawili waliruka, wakafia sakafuni. Tarishi anayewatunza, mzee wa Nansio, akaambiwa akifa mwingine avue sare aende kwao.

Mfuniko wa Ulaya, wa kioo na wenye taa yake, ungekuja kwa meli, baada ya miezi. Mzee akapasua debe, akalisugua ndani kwa majivu mpaka likang'aa, akalitundika juu ya tangi limulike, akaning'iniza kandili chini yake. Taa ikapatikana, mfuniko bado. Macho yake yakatua mapajani mwangu.

"Mwanangu, hicho kioo kinakusaidia nini?"

"Mzee, hiki ni cheti!"

"Cheti baki nacho. Nimeomba kioo tu."

Nikaigeuza fremu. Misumari yake niling'oa mwenyewe. Kioo kikakaa juu ya tangi kama kimepimwa, kikaacha upenyo wa kidole wa kupitisha hewa.

Bwana akaja, akainama, akawaona furu wake waking'aa. "Very good," akasema. Mzee akashusha pumzi, sare yake mwilini. Nami nikasimama upesi: "Sir, I am looking for work."

"No vacancy," akajibu karani bila kuinua kichwa.

Nimerudi nyumbani Mabatini, cheti nimekikunja kwapani. Kioo chake kimeajiriwa serikalini. Mimi kesho nakwenda tena benchini, kukitazama kikifanya kazi.