Nilijaza mapengo kwenye shamba la mtafiti, majirani wakaanza kula mbegu zao

Wakuu wa humu, wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Mlio rika la wajukuu zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea.

Mimi ni bibi wa huku ndani, nyuma ya Mambrui. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo herufi zikiruka mtanistahi. Jambo lenyewe nitalisema lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Jiko likiwashwa mara moja kwa siku, basi.

Maji tulikuwa tukiyafuata mtoni Sabaki, na Sabaki ina mamba. Dama wa Kazungu alikwenda na mikono miwili akarudi na mmoja. Kwangu aliyekuwa akienda ni Kadzo, mke wa mwanangu Karisa. Kila akichelewa, mimi moyo mkononi.

Ndipo akaja mtafiti wa mazao, Bwana Mutiso, kijana Mkamba, mpole.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Lakini shosho umemwacha huko kwenu. Huku kuna hawe."

Akacheka, na tangu siku hiyo akaniita hawe, kama wajukuu zangu.

Alikuwa na mbegu mpya ya mahindi, anataka kujua kama itastahimili ukame. Akapima kipande cha shamba langu, akakizungushia kamba, akachomeka vijiti vyenye namba. Akaniambia, "Hawe, wewe palilia tu." Akasema pia shamba litakalofanya vizuri ndilo litakalojengewa tangi la maji, ili watu waje kujifunza hapo.

Kadzo aliposikia tangi alinitazama. 

Tukapanda. Mvua ikanyesha siku mbili, mahindi yakachomoza, kisha jua likashuka kama limetumwa. Siku chache tu, mashimo mengi yalikuwa yamekauka. Mistari ikawa kama mdomo wa mzee.

Sasa wakuu, hapa mnielewe. Kwetu mwanamke haachi pengo shambani. Mama yangu, Mbodze wa Ngala, alinichapa kwa sababu ya pengo moja. Ukipalilia, shimo lililokufa unalirudishia mbegu palepale, hata hufikiri, kama unavyofuta kamasi la mtoto. Shamba lenye mapengo likiwa njiani, wapita njia watalicheka mpaka mavuno.

Kwa hivyo manyunyu yaliporudi kidogo, nilikwea lutsaga. Hilo ni dari la juu ya meko, ambapo mbegu hukaa kwenye moshi zisiliwe na wadudu. Nikateremsha mahindi yetu ya kienyeji, mdzihana. Mengine yalikuwa ya mama yangu, mengine nilipewa na Jumwa wa Charo, mengine na shoga yangu Sidi wa Katana. Nikarudishia kila shimo.

Sikuona kosa. Niliona nimemfanyia mgeni heshima.

Bwana Mutiso alikuwa na mashamba mengine huko Junju, akakaa karibu miezi mitatu. Aliporudi alisimama kwenye kamba akashika kichwa.

"Hawe! Hakuna lililokufa?"

"Shamba langu halijawahi kuwa na pengo tangu niolewe."

Nilisema kwa kiburi, Mungu anisamehe. Yaliyokuwa mafupi alisema ni udongo. Akapiga picha, akaandika, akapiga simu. Akatangazia watu kwamba mbegu imepatikana, msimu ujao eneo letu lote litagawiwa hiyo.

Siku ya tatu nilimkuta Sidi kwenye kinu. Anatwanga, anaimba. Kutazama ndani ya kinu, naona mahindi meusi kwa moshi.

"Sidi, hayo si ya lutsaga?"

"Ndiyo. Wajukuu wamelala njaa ya kutosha. Si mbegu ya serikali inakuja? Ile yako haifi!"

"Umetoa yote?"

"Nusu. Nusu nyingine kesho kutwa. Na Jumwa naye ameanza. Mbona umekuwa kama umeona jini?"

 Niliijua njaa ya kukosa chakula. Njaa ya kukosa mbegu sikuwahi kuiona ila kwa kusimuliwa na mama, na mama alikuwa hamalizi kuisimulia.

Nyumbani nikamwambia Kadzo. Alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo.

"Mama, nyamaza," akasema. "Nakuomba. Tangi lijengwe kwanza, kisha utasema."

"Watakuwa wameshamaliza mbegu."

"Na mimi nikimalizwa na mamba?"

Nikaichukua ile ndoo, nikamimina maji mtungini. 

Kesho kutwa yake ndiyo iliyokuwa siku ya kuvuna kile kipande. Watu walijaa, mpaka naibu wa chifu alikuja. Bwana Mutiso akavunja hindi moja, akaliinua juu.

"Tazameni maganda yake! Yamefumba mpaka ncha. Fukusi ataingilia wapi?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nalitazama lile hindi. Hivyo ndivyo yanavyofumba ya mama yangu, maana hayo ndiyo aliyokuwa akiyachagua maisha yake yote. Yaliyoacha ncha wazi aliyala, yaliyofumba aliyapandisha lutsaga.

Nikamtazama Kadzo. Akatikisa kichwa. Nikamtazama Sidi, mdomo bado una unga.

Nikasema, "Mwanangu Mutiso, hilo si lako. Hilo ni la Mbodze."

 Naibu akauliza Mbodze ni nani, na kwa nini hakualikwa. Mtu akacheka, hakuna aliyemfuatia.

Nikaeleza yote. Bwana Mutiso alikaa chini kwenye mchanga, na suruali yake safi. Halafu akasema polepole, "Hawe, hayo mapengo ndiyo niliyokuja kuyatazama."

Kisha akauliza, kama mtu asiyetarajia kitu, "Unayakumbuka mashimo uliyorudishia?"

Kusoma sikujaliwa sana, lakini mtu aliyenipa kitu simsahau. Nikaingia mstari wa kwanza. Hili la Mbodze. Hili la Jumwa. Hili lako, Mutiso. La Sidi, la Sidi, la Mbodze. Yeye nyuma yangu anavunja na kutazama ncha. Yake yaliyobaki yalikuwa machache, yamekusanyika pale bondeni penye unyevu, na mengi yalikuwa na fukusi.

Hakuna aliyepiga makofi tena. Sidi aliondoka kabla hatujamaliza mistari, anakimbia na kanga mkononi. Aliiokoa ile nusu. Jumwa alikuta amebakiwa na mahindi saba, na hayo saba ndiyo aliyoanzia upya.

Tangi lilikwenda Junju.

Kadzo hakunisemesha wiki nzima. Wengine walinisema mtoni na sokoni, kwamba bibi kizee kawanyima maji kwa mdomo wake.  Ni kweli nimewanyima.

Msimu uliofuata Bwana Mutiso alirudi na kamba zake. Safari hii alitaka mbegu yake na yetu zipandwe ubavu kwa ubavu, na hakuna kurudishia, hata shimo moja. Kwenye vijiti vyetu hakuandika namba. Aliandika Mbodze, Jumwa, Sidi. Jina la mama yangu lilisimama shambani, na mapengo pembeni yake, na mimi nikapita na jembe nikiyaacha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Nilichojifunza: mtu wa utafiti akija kwako, usimpambie. Mwonyeshe shamba lilivyo, na kilichokufa akione kimekufa. Na mbegu ya lutsaga usiitwange kwa sababu ya habari njema ya jirani.

Kadzo ameenda Sabaki sasa hivi ninapoandika. Namsubiri.

Semeni, wakuu. Nanyi mngemwambia mkwe wenu nini? Msinionee haya kwa uzee wangu, nitasoma yote, polepole.