Joto la Benchi

Kwenye zahanati yetu huku Karagita, foleni haisimami, inakaa. Mgonjwa mmoja akiingia kwa daktari, benchi zima linasonga, kila mtu anahamisha makalio nafasi moja mbele. Juzi mbele yangu alikaa dada mmoja mwenye rinda la kijani, akikoholea kitambaa.

Muuguzi akatoka na kitambulisho mkononi, akaita jina la mwanamume. Akaita tena. Yule dada akainuka polepole.

"Wewe?" Muuguzi akatazama picha, akamtazama yeye. "Hii ID umetoa wapi?"

"Ni yangu, sister. Naomba tuongelee ndani."

"Ndani kufanya nini? Sema hapa hapa, wewe ni mwanamume ama mwanamke?"

"Mimi ni mgonjwa. Kifua kinaniuma."

Mama mmoja akacheka. Muuguzi akamwita mwenzake aje ajionee. Dada akanyoosha mkono, akachukua kitambulisho chake, akaondoka. Tulimsikia akikohoa mpaka getini.

Ukutani, juu ya vichwa vyetu, pameandikwa kwamba kila mgonjwa ana haki ya kutibiwa kwa heshima na faragha. Katiba nayo inasema kila mtu ana haki ya afya. Maandishi ya ukutani ni ya bluu, herufi kubwa, labda kwa ajili ya wenye macho mabovu. Siku hiyo sote tulikuwa na macho hayo.

Hakuna aliyemfuata. Tulisonga tu, kama kawaida. Nilipokalia nafasi yake, mbao zilikuwa bado na joto.