Imeshika, Nilimwambia

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio Kawangware, na chumba changu kilikuwa Soweto West, Kibera. Kwenda na kurudi ni miguu. Siku nyingi nilifika kazini nimeshachoka.

Redio nyingi zilikuja na ugonjwa mmoja: ule utepe mweusi wa kaboni ndani ya kitufe cha sauti umelika, sauti inakatika. Kitufe kipya hakikupatikana, kwa hivyo nilipaka utepe wangu. Nilipasua mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha, nikasaga kijiti cheusi cha katikati, nikachanganya unga wake na vanishi. Vanishi ikiwa kidogo, umeme unapita lakini utando unabanduka baada ya siku mbili. Ikiwa nyingi, utando unakuwa mgumu kama kucha, na umeme haupiti.

Mama mmoja wa Kianda, huko huko Kibera, mtu wa upande wa ziwa, alinirudishia redio yake mara ya tatu.

"Fundi, masizi yako yanabanduka kama rangi ya kucha za dada wa saluni. Na kaka yangu ni mgonjwa huko nyumbani. Matangazo ya vifo nitayasikia na nini?"

Nikaongeza vanishi. Ilipokauka nilikwaruza, haikutoka.

"Imeshika?"

"Imeshika, mama."

Mimi nilimaanisha utando umegandamana. Yeye alisikia kwamba redio inashika stesheni. Mawe yake alikuwa ameyaacha nyumbani. Yangu yalikuwa kwenye droo, hatua mbili tu. Sikuinuka kuyachukua niijaribu.

Alirudi baada ya wiki mbili, amenyoa kichwa. Redio ilikuwa bubu tangu siku ile, naye akadhani ni mawe yamekwisha. Kaka yake alitangazwa, akazikwa, yeye yuko Kianda anafua nguo za watu.

"Si ulisema imeshika?" Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Wiki hiyo nilirudia kazi hadi nikapata njia. Vanishi kidogo, tabaka jembamba, na kabla halijakauka kabisa nasugua kwa mgongo wa kijiko, kuelekea upande mmoja tu, mpaka ling'ae. Unga ukabanana, haukubanduka, na sauti ikapita. Kijiko kilikuwa mezani kwangu miaka yote.

Redio yake nilimpelekea mwenyewe, nikaifungulia mbele yake saa ya matangazo ya vifo. Alisikiliza majina mawili matatu ya watu asiowajua, akaizima.

"Sasa imeshika," alisema, akanifungulia mlango nitoke.