Kiko Kilichokoroma

Kinyozi wa kona alikuwa na mkono usiotetemeka na moyo mwoga. Wembe aliupitisha kooni mwa wanaume bila kupepesa jicho, lakini mkewe akikohoa mara moja tu, alikuwa keshafika nje na kiko chake. Miaka thelathini waliishi hivyo: mke ndani, moshi nje.

Kiko cha zamani kilipopasuka, mke, mshonaji wa mashuka na magodoro, akamletea kipya kutoka dukani.

"Chukua, baba watoto. Nimechoka kukuona unatafuna njiti kama mbuzi."

Kinyozi alikipokea kwa mikono miwili. Hii ni zawadi ya amani, akajiambia. Ukiitia kasoro, vita vinaanza upya.

Kasoro zikaja bila kuitwa. Mrija ulicheza kama jino la mtoto. Akaiba uzi wa bluu wa mkewe, akauzungushia, ukakazika. Kasoro ya pili ikamshinda. Kila akivuta, kiko kilikoroma, na tumbaku ya chini ilibaki imelowa kama majani ya chai. Kilikoroma hasa, mpaka jirani yao fundi bomba akapiga hodi, spana mkononi.

"Bomba lenu linavuja wapi?"

"Halivuji."

"Basi ni nani anayezama humu?"

Wiki mbili kinyozi alimeza maji machungu.

"Kitamu?" mke anauliza.

"Asali!" naye anajibu, machozi yanamlengalenga.

Jumamosi moja akakisahau juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"We mzee! Uzi wangu unatafuta nini kinywani mwako?"

Kinyozi akasema yote.

"Yaani unanidanganya kwa ajili ya kipande cha mti?"

Mke akapitisha sindano ndefu ya magodoro ndani ya mrija, akachungulia. Ncha ilitokezea ndani ya kiko, juu sana ya kitako chake.

"Aliyekitoboa alikuwa anapiga soga. Tundu la kifungo kalikata juu, kifungo kakishona chini. Maji yasituame kwa nini?"

Akachota majivu kwenye kopo la mumewe, akayadondoshea maji, akayakanda, akayashindilia kitakoni mpaka yakalingana na tundu. Sindano aliiacha humo humo ili tundu lisizibe.

"Miaka thelathini nayafagia haya. Leo yamepata kazi."

Kikakaa dirishani siku mbili, kikakauka. Siku ya tatu mke akachomoa sindano, kinyozi akavuta. Kimya. Moshi ukaja mkavu, tumbaku ikaungua yote. Kimya kile kilimleta fundi bomba mbio, kuuliza kama kuna msiba.

"Sasa ni kitamu kweli," kinyozi akamwambia mkewe.

"Kweli ya leo, au ile ya wiki iliyopita?"

Kisha mke akakohoa, mara moja. Kinyozi akabeba kiti chake, akatoka. Safari hii mke akamfuata na shuka lake la kushona, akakaa upande unakotoka upepo.