Hallbera Alipoomba Nafasi

Siku hizi watu wa Reykjavík huchagua jina la mtoto kama wanavyochagua pazia: lipendeze macho, basi. Zamani jina lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akifa alirudi kuliombea makao. Brandur aliyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo hakuwa na udhuru.

Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa na miaka minne. Aliyemchukua ni Hallbera, mwanamke asiye na mume wala mtoto, aliyefuga kondoo kumi na wanane kwenye ghuba ya magharibi. Alimkata nywele kwa mkasi wa kondoo, akamfundisha kusoma huku akichambua sufu, akamfumia glavu zenye vidole gumba viwili, ili kiganja kikichakaa azigeuze. Jina lake lilitoka kwa wanawake waliovuka bahari zamani kwa mashua za wazi, wamebanana na ng'ombe wao. Maana yake ni dubu jike wa mwambani.

"Dubu jike hababaiki," alimwambia Brandur akitoka shuleni analia. "Anakaa juu ya mwamba wake mpaka theluji ichoke yenyewe."

Hallbera alifariki mwezi wa pili, Brandur akiwa karani mjini. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, mkewe Gróa, mja mzito, aliacha kukoroga uji.

"Amenijia ndotoni," alisema. "Ana theluji mabegani. Ameuliza kama kwetu kuna nafasi."

"Umemjibuje?"

"Nimemsogezea kiti. Ulitaka nimfukuze?"

Hapakuwa na la kueleza zaidi. Marehemu akimjia mja mzito namna hiyo, anaomba jina lake lipate mwili mpya. Walikubaliana, wakanyamaza, kwa kuwa jina halitajwi kabla ya ubatizo.

Mtoto alibatizwa sebuleni kwao, bakuli la maji likiwa juu ya meza ya chakula. Bosi wa Brandur alikuja na mkewe, Bi Fríða, mwenye kofia ya manyoya. Wakimsubiri mchungaji, Bi Fríða alikuwa na hadithi.

"Wiki iliyopita tulikuwa kwa seremala. Katoto kazuri kama ua, wamekaita Þuríður! Nikamwambia mume wangu, haka kamezaliwa na miaka themanini. Kamekosa ugoro tu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Brandur akacheka kuwashinda wote.

Yeye ndiye aliyempakata mtoto. Gróa alitaka iwe hivyo: "Amekulea wewe. Mkaribishe mwenyewe."

"Mtoto huyu anaitwa nani?" mchungaji akauliza.

Brandur aliiona ile kofia pembeni mwa jicho lake. "Sylvía," akasema. Alilisoma jina hilo kwenye bango la sinema.

Gróa hakupiga kelele. Alimimina kahawa, akakata keki, akawashukuru wageni. Mlango ulipofungwa akasema, "Umemfungia nje." Hakuligusa jambo hilo tena mbele yake mpaka anazikwa, na kimya chake kilimla Brandur kuliko matusi.

Bosi alikufa, Bi Fríða akafa, hakuna tena aliyekumbuka kofia ya mtu. Brandur alipofikisha miaka themanini na mmoja, alimwita Sylvía jikoni, akamwekea chapati za maji na sukari, akamweleza yote huku akitazama kitambaa cha meza.

Sylvía alimwacha amalize.

"Mama aliniambia nikiwa na miaka tisa, baba."

"Tisa?"

"Akasema nisikuulize. 'Baba yako atasema mwenyewe, halafu jina tutalibeba kanisani, apewe mtoto atakayezaliwa.' Nilipomzaa Birta nililala hospitali siku nne nakungoja useme. Ulikuja na maua na habari za hali ya hewa."

"Na huyo binti mchanga wa Birta... labda yeye..."

"Umechelewa, baba. Tumembatiza mwezi uliopita. Ulikaa kiti cha mbele. Nilikukazia macho mpaka mchungaji alipouliza jina."

Brandur alikumbuka. Aliyaona yale macho, akadhani tai yake imepinda, akainyoosha.

"Mbona hamkunisukuma?"

"Kusukumwa!" Sylvía akaweka uma chini. "Kwani aliyelelewa ni nani?"